Nimeshiba, Mama Mkubwa

Kihonda, Morogoro
6 Julai 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mansuri anapandisha Fuso huko kwetu kesho kufuata ndizi, na nimemsihi akupe barua hii mkononi, asimwachie mtu. Ningekupigia, lakini simu yako inashika mtandao ukiwa uani kwa Mwaisha tu, na pale kwa Mwaisha hata kuku wana masikio.

Nimefika salama. Shule imefunguliwa, na Kidato cha Pili wamerudi wamesahau kila kitu nilichowafundisha. Kwenye mfuko kuna miwani yako, fundi amebadilisha kioo.

Nashukuru sana kwa likizo. Mwezi mzima umenilea kama mzazi aliyetoka kujifungua. Wali wa nazi, shelisheli la kuchoma, magimbi, kuku wa kienyeji, ndizi za kukaanga. Mpaka leo nikiingia jikoni kwangu naitafuta ile harufu ya mdalasini siioni. Najua ulikuwa unanung'unika kwamba nadonoa kama kifaranga, lakini amini nilikuwa nashiba. Umri unasogea, na tumbo nalo linapungua. Sina ugonjwa, sina mimba, sina mawazo. Usijali kabisa.

Hitima ya Mama sitaweza kuja, mkuu wa shule amekataa katakata. Nisomee na mimi.

Mwanao,
Mwanvita

*

Kwetu, juu ya Kinole
23 Julai 2025

Mwanangu Mwanvita,

Marahaba. Miwani imefika. Sasa naona hata uchafu niliodhani nimeshaufagia.

Hitima ya mama yako imesomwa. Watu walijaa mpaka nje. Nilipika pilau kwenye sufuria lile la harusi, nikatia iliki na mdalasini wangu mwenyewe, ukipita barabarani unapunguza mwendo. Ilibaki kidogo. Unajua watu wa siku hizi hawali. Mwaisha kasema kashiba, mke wa imamu naye kashiba, mpaka nikajiuliza, jamani, kijiji kizima kimekula wapi? Lakini basi, ni msimu wa mavuno, kila nyumba ina sufuria jikoni.

Sasa nikuulize, na wewe unijibu kama unavyomjibu mama yako. Chakula changu kina nini? Nazi inazidi? Chumvi? Mkono wangu umezeeka? Nilikuona Ijumaa ile unasogeza wali pembeni ya sahani kama unachambua mawe. Mtu akienda likizo kwao anarudi na mashavu. Wewe uliondoka umebaki shingo, na Mansuri aliponiuliza kama ulikuwa unaumwa, nikaona haya kumjibu.

Mimi sijambo, ni mguu tu. Siku hizi sitoki sana. Nyumbani pananitosha.

Mama yako,
Mwanahawa

*

Kihonda
27 Julai 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Chakula chako hakina kosa hata moja. Nilikuwa nimeshiba tu. Naomba tusilirudie, tafadhali.

Huo mguu umekuwaje?

Mwanvita

*

Kwetu, juu ya Kinole
3 Agosti 2025

Mwanvita,

Salamu kutoka kwa mjomba wako. Dada yangu hajui kama nakuandikia, na usimwambie.

Amekuambia pilau ya hitima ya mama yako ilibaki kidogo. Haikubaki kidogo. Haikuliwa. Watu walisoma vizuri, lakini walipoletewa masinia wakasema wameshiba, mmoja baada ya mwingine, wakatafuta viatu vyao. Nilikula mimi na wanangu. Iliyobaki dada aliifukia nyuma ya migomba, kajitanda kanga mpaka machoni.

Nimeuliza, nikaambiwa. Wanasema wewe, mtoto aliyekulea yeye, umekaa mwezi mzima unakikwepa chakula chake. Wamekuona ukimwaga chai kwenye shina la mgomba. Wamekuona ukijichemshia chakula kutoka kwenye kopo ulilokuja nalo. Kisha wamekuona kwa Mwaisha unakula vitumbua na kulamba vidole. Kwa hiyo tumbo haliumwi. Mtu anayekula kwa jirani na hali kwa mama yake, anaogopa nini? Huku kwetu hilo halihitaji kufafanuliwa. Na Mwaisha anaapa alimwona dada yangu akikutilia kitu kwenye kikombe, kutoka kwenye kichupa, huku anaangaza macho asionekane.

Unalijua neno wanalolisema. Mimi silitaji kwenye karatasi.

Dada yangu ndiye mpishi wa maulidi ya hapa tangu wewe hujaanza shule. Mwaka huu wazee wamemwambia kama anataka kupika, kwanza aonje kila sufuria mbele ya watu. Amekataa. Anasema anayeonjewa chakula ni mtu mnayetiliana naye shaka, na yeye hajawahi kumwonjea mtu, si mgeni, si mtoto wake. Kwa hiyo maulidi atapika mwingine, na baada ya hapo sijui nani atakanyaga uwanja wake.

Mimi ni mjomba wako. Kama kuna kitu ulikiona nyumbani kwa dada yangu, niambie mimi. Kama hukukiona, basi sema ulikuwa na nini.

Mjomba wako,
Kondo

*

Kihonda
8 Agosti 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mjomba ameniandikia. Alinikataza nisikuambie, lakini mimi nimechoka na mambo ya kutokuambia. Usimgombeze.

Nina sukari.

Niligundulika kabla tu ya kufunga shule. Nilikuja kwako na vidonge nimevificha kwenye mkoba wa mafuta na vipodozi. Nilikuwa nimeamua kukuambia siku ileile ya kwanza, Mwenyezi Mungu ni shahidi. Ukanipokea na wali wa nazi, ukasema kaa ule, mama yako angekuwepo angefurahi. Nikalimeza neno. Wewe ndiye uliyemuuguza Mama kule Bigwa mpaka mguu ukakatwa, na wewe ndiye uliyemfumba macho. Siku tunamzika ulisema huwezi kuliona tena gonjwa hili ndani ya nyumba yako. Nikajiambia ni mwezi mmoja tu, nitakula kidogo, nitafurahi na mama yangu, nitaondoka, na yeye hatajua.

Nesi wa kliniki alinieleza vizuri kabisa. Nusu ya sahani iwe mboga, wali usizidi ngumi yangu, matunda kidogo, na nitembee. Nikamwambia naenda likizo kwetu, akacheka, akasema nenda ukale, ufurahi, ila usile kama unaiaga dunia. Hakuniambia nijifiche. Hilo nilijiongezea mwenyewe, na ndilo lililoniharibia. Maana nikishakataa wali wako njaa inanipanda na hasira, napita kwa Mwaisha, nanunua vitumbua, nakula nimesimama kama mwizi. Narudi nakuambia nimeshiba. Lile kopo ni shayiri, Mama Mkubwa. Shayiri ya dukani, haina hata ladha.

Sina raha. Nasimama darasani nafundisha, mara naiona pilau ya Mama inafukiwa, chaki inanidondoka. Nimekuponza. Wewe uliyenilea nimekuponza kwa sababu ya aibu yangu ya kusema neno moja. Nisamehe. Niambie nifanye nini, nitafanya.

Mwanao,
Mwanvita

*

Kwetu, juu ya Kinole
14 Agosti 2025

Mwanvita,

Shikamoo yako nimeiona. Siiitikii mpaka nimalize kusema.

Wewe mtoto wewe! Sukari unanificha mimi? Nani alikuwa anampima mama yako asubuhi na jioni? Nani alikuwa anamchoma sindano, mke wa imamu? Mimi gonjwa hili nalijua kuliko ninavyoijua njia ya mtoni. Nilisema nini makaburini? Mtu anayezika husema mengi, na wewe ukayachukua ukayaweka kama hati ya shamba. Umenionea huruma ukanifanya mchawi. Haya, neno nimelitaja, Kondo asiogope tena.

Halafu vitumbua vya Mwaisha! Vile vyenye sukari mpaka sisimizi wanashindwa kubeba! Kama ni kufa kwa vitumbua, si bora ungekufa kwa vyangu?

Sikiliza. Ungesema neno moja tu, ningekupikia kisamvu, mlenda, majani ya maboga, kunde, dagaa wa nyanya chungu. Gimbi moja dogo pembeni. Ungekula ukajiramba na huyo nesi wako angekuja kuniuliza napikaje. Hicho chakula cha kliniki ndicho tunachokula hapa kila siku inayokucha. Wali wa nazi ni wa sikukuu. Nilikupikia kila siku kwa sababu ukija wewe kwangu ni sikukuu. Mwezi mzima nimekula wali wa sikukuu, kiungulia kinanimaliza, nakutazama wewe husogezi tonge, na mimi moyoni natamani mlenda!

Sasa na mimi nina langu, na hili nimeshindwa kumwambia hata Kondo. Kichupa wanachokisema ni kweli. Mwaisha hakusema uongo. Ulisema siku hizi unakunywa chai bila sukari, nikaona unazidi kukonda, nikasema huyu anajinyima, mjini wamemharibu. Nikawa nakutilia asali. Asali ya mizinga ya Kondo, kila asubuhi ukienda kupiga mswaki. Naangaza huku na huku usinione, maana ungekataa. Mwenye sukari, nikamnywesha asali kwa mkono wangu huu. Tangu nisome barua yako nauangalia mkono wenyewe sina la kuuambia.

Niambie kweli. Ilipanda? Macho yanaona vizuri? Nyayo zinawaka moto usiku? Usinifiche tena, nitakufa kabla yako.

Marahaba.

Mama yako,
Mwanahawa

*

Kihonda
18 Agosti 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Sijadhurika. Macho ni mazima, miguu ni mizima, na nilipopimwa wiki iliyopita nesi hakuniambia neno baya.

Ningeweza kuishia hapa, ukalala usingizi wako. Lakini umeniambia nisikufiche tena.

Asali haikunidhuru kwa sababu niliacha kuinywa. Siku za mwanzo nilikunywa, nikauonja utamu, nikadhani ni mdalasini. Kisha asubuhi moja nilisahau dawa ya meno, nikarudi. Nikauona mkono wako, kichupa, na jinsi ulivyotazama mlangoni. Hukuniona, nilikuwa nyuma ya pazia.

Sikufikiria asali. Sikufikiria sukari. Mimi mwalimu wa biolojia, mtoto uliyenibeba mgongoni, nililifikiria lile neno. Kwa muda mfupi tu, lakini nililifikiria. Nikatoka na kikombe nikaenda kukimwaga mgombani, na siku zilizofuata nikaendelea kumwaga, najidanganya namwaga kwa ajili ya afya yangu. Nilikuwa najua si afya.

Hao waliokataa pilau ya Mama si wao walioanza. Nilianza mimi.



Mwanvita

*

Kwetu, juu ya Kinole
31 Agosti 2025

Mwanvita,

Barua yako niliipata siku nyingi. Mansuri amepita mara mbili kuuliza kama nina jibu, nikamwambia sina.

Maulidi ya hapa ni Jumamosi, tarehe sita. Nimewaambia wazee nitapika mimi, na sitaonja. Nimewaambia mwanangu atakuja, yeye ndiye atakula wa kwanza, na wao wamtazame. Wamekubali.

Kwa hiyo njoo. Utakula unachoruhusiwa kula, utaacha usichoruhusiwa, na utasema kwa mdomo wako kwa nini. Kama huwezi, usije. Sitakusema.

Mwanahawa

*

Kihonda
8 Septemba 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Jana tuliagana mbele ya watu, nikashindwa kukuuliza. Nakuuliza sasa.

Nilikuja nimejiandaa. Tangu Mansuri alipotuteremsha mimi na magunia yake nilikuwa nayarudia maneno. Na niliyasema, si uliyasikia? Nilisimama upande wa wanawake, nikasema nina sukari kama aliyokuwa nayo mama yangu, nikasema nilificha, nikasema kwenye kichupa mlikuwa na asali ya Mjomba Kondo. Nilitaja mpaka vitumbua. Wakacheka, na Mwaisha akajifunika kanga usoni. Lile la nyuma ya pazia tu sikulisema, maana lile ni letu.

Nikadhani limekwisha. Ukaja na sinia langu. Sijawahi kupakuliwa chakula kizuri namna ile. Kisamvu, mlenda, paja la kuku lisilo na ngozi, na pilau kidogo pembeni, ukubwa wa ngumi yangu kabisa, kama vile uliipima. Watu wote wananitazama. Nikanyoosha mkono.

Mama Mkubwa, mkono ulisimama. Najua uliuona. Nilikuwa natazama tu nianzie wapi, nesi alisema nianze na mboga ndipo nije kwenye wali. Nilikuwa nakadiria pilau, basi. Naapa.

Wewe ukawahi. Ukachota kwenye sinia langu, ukala, umesimama mbele ya wote. Wewe uliyewakatalia wazee. Wewe uliyesema mtoto wako haonjewi. Vigelegele vikapigwa, watu wakaanza kula, masinia yakarudi jikoni meupe, na mimi nimekaa pale nakula chakula kitamu kuliko chote cha mwaka huu, machozi yananitoka, mke wa imamu ananifariji akidhani nalilia ugonjwa.

Kwa nini ulionja? Nilikuwa nakuja kula. Sekunde moja tu, ningekula.

Mwanao,
Mwanvita

*

Kwetu, juu ya Kinole
15 Septemba 2025

Mwanangu Mwanvita,

Marahaba.

Unasema ulikuwa unakadiria pilau. Nakubali. Lakini pale nilipokuwa nimesimama sikujua, na nilipokutazama usoni niliona hata wewe hujui. Na watu wote macho kwako. Nikasema mwanangu asiumbuke hapa. Mimi nimeshaumbuka mwezi mzima na sijafa, nimezoea. Nikachota.

Iliniuma, sikufichi. Ile pilau niliipika tangu alfajiri, na nilipoitia mdomoni sikuisikia ladha yake.

Watu wamerudi. Uwanja una nyayo tena, nafagia nalalamika lakini nimefurahi. Mwaisha alikuja jana kuomba nimwelekeze mlenda, anasema mumewe anakunywa maji mtungi mzima na bado ana kiu, nikamwambia mpeleke akapimwe kesho, acha mlenda. Tukakaa, akala kwangu. Kaomba radhi, nimempa. Kondo naye nimemgombeza kwa kukuandikia, kisha nikampelekea kuku. Hayo ya kijiji yamekwisha.

Yetu bado, na tusijidanganye kwamba yatakwisha kwa barua. Sitaki barua nyingine ya kuomba msamaha. Nimezisoma, zimenitosha, na Mansuri anasema yeye kazi yake ni ndizi.

Likizo ya Desemba uje. Njoo na vidonge vyako uviweke mezani nivione. Jiko nakuachia wewe. Utakwenda sokoni wewe, utapika wewe, hivyo vyakula vya kliniki yenu na vya kwetu, utavitia unachotaka kuvitia. Mimi nitakaa barazani kama mgeni, sitachungulia jikoni.

Ukiniletea sahani, usinionjee. Weka tu chini. Nitakula.

Mama yako,
Mwanahawa